Kuchagua Mapipa ya Kupandia Mboga



Ninyi mliopewa mashamba kutoka Diani mpaka Msambweni mnajua taabu ya maweni. Jembe likishuka kidogo tu, hugonga jiwe la matumbawe. Mnazi hupenyeza mizizi yake penye nyufa, lakini nyanya na bilingani hukosa udongo. Kwa hiyo yafaa kupanda mboga ndani ya mapipa karibu na jiko. Lakini pipa baya hutia hasara, na tena laweza kuwadhuru watoto. Basi somo letu ni jinsi ya kulichagua.

1. Plastiki au chuma?

Pipa la kawaida huchukua lita 200. Ukilikata katikati kwa msumeno utapata vyombo viwili, na kila kimoja chatosha miche minne ya sukuma wiki, au miwili ya nyanya.

Pipa la chuma lina nguvu, lakini upepo wa bahari una chumvi, na chumvi huleta kutu. Kitako ndicho kinachooza kwanza. Tena chuma hushika moto wa jua na kuunguza mizizi. Pipa la mbao huliwa na mchwa. Kwetu pwani, basi, pipa la plastiki nene ndilo bora. Tazama kitakoni: likiwa na alama ya pembetatu yenye tarakimu 2 ndani yake, ni plastiki ngumu ifaayo. Bonyeza ubavu wake kwa kidole gumba. Likitoa unga mweupe au likiwa na nyufa ndogo ndogo, jua limekwisha kulila, liache.

2. Lilikuwa na kitu gani?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Pipa zuri ni lile lililochukua chakula, kama mafuta ya kupikia au maji ya matunda. Waulize watu wa hoteli na wa viwanda vya mikate kabla ya kwenda kwa wachuuzi wa barabarani. Lisome karatasi lililobandikwa. Ukiona picha ya fuvu la kichwa, usilinunue hata kwa shilingi moja. Karatasi likiwa limebanduliwa, na muuzaji hajui lilikotoka, liache vile vile.

Mimi mwenyewe niliwahi kudanganyika. Nilinunua pipa rahisi, nikaambiwa lilikuwa na sabuni. Nililisugua kwa majivu mara tatu, na kila lilipokaa juani harufu kali ilirudi. Plastiki hunyonya dawa, na kuosha hakuitoi yote. Nililitupa, na fedha zangu zikapotea. Afadhali fedha kuliko afya.

Kadhalika, usimpe fundi akate kwa moto pipa lililokuwa na petroli. Mvuke uliobaki ndani huweza kulipuka na kumwua.

3. Kulitayarisha

Toboa matundu manane kitakoni, kila moja nene kama kidole. Liinue juu ya mawe ili maji yatoke. Lichagulie mahali pake kabla ya kulijaza, maana nusu pipa lenye udongo mbichi hupita kilo 100, na hutaweza kulihamisha.

Changanya karai tatu za udongo mzuri, mbili za samadi iliyooza vizuri, na moja ya mchanga wa mto. Usitumie mchanga wa pwani, kwa kuwa una chumvi na chokaa. Makumbi yaliyolowekwa baharini nayo yana chumvi. Yaoshe kwanza kwa maji matamu.

Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi. Ukimwagilia maji hayo siku zote, chumvi itabaki udongoni na majani yatakauka ncha. Kinga maji ya mvua ya paa, na wakati wa masika acha mvua iuoshe udongo wa pipa.

Maswali ya kujibu nyumbani

1. Kwa nini pipa la chuma halidumu pwani?
2. Utafanya nini ukikuta pipa halina karatasi na muuzaji hajui lilikotoka?
3. Je, mapipa mliyo nayo nyumbani sasa, ya maji na ya nafaka, yalikuwa na kitu gani zamani? Kama hakuna ajuaye, ulizeni leo.