Dondoo muhimu: Kabla hujanunua ghorofa Mji Mkongwe

Dalali wa Zanzibar atakuonyesha kwanza mlango wa nakshi. Wewe anza na dari. Boriti za mikoko huoza pale zinapoingia ukutani, hasa chini ya choo na mifereji ya mvua. Zichome kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye muhogo uliopikwa, hesabu gharama ya sakafu nzima na uishushe kwenye bei.

Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Zikipigwa plasta ya saruji, unyevu hubaki ndani ukizila polepole. Rangi iliyopakwa juzi itilie shaka. Ufa nao usiudharau: sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib, humo humo Mji Mkongwe, iliporomoka Desemba 2020.

Kwenye hati ndiko wengi hukwama. Nyumba ya wakfu haiuzwi, na ya urithi yataka saini za warithi wote, hata aliyeko Muscat. Kuongeza ghorofa au kubadili madirisha ni mpaka kibali cha mamlaka ya Mji Mkongwe, uliomo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000. Wapangaji waliomo, soma mikataba yao kabla ya kulipa arbuni.