Jokofu la Damu na Kumbukumbu ya Joto Lake

Mgonjwa anapohitaji kuongezewa damu, ndugu zake huuliza maswali mawili: je, damu ya kundi lake ipo? Na je, imepimwa magonjwa? Ni maswali ya haki. Katika somo hili tunaongeza la tatu, ambalo huulizwa kwa nadra: damu hiyo imekaa katika joto gani tangu ilipotolewa?

Chembe nyekundu za damu hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 6 za Selsiasi. Zikitunzwa hivyo hudumu siku 35 au 42, kulingana na dawa iliyomo katika mfuko. Joto likizidi, bakteria wachache walioingia wakati wa kutoa damu huweza kuzaliana, na mfuko ukaendelea kuonekana mzima kwa macho. Damu ikiganda kwa barafu, chembe hupasuka, na mgonjwa atakayepewa yuko katika hatari ya kuharibika figo au kupoteza maisha.

Kaengesa, kama sehemu nyingine za uwanda wa juu wa Ufipa, hupata baridi kali usiku, hasa Juni na Julai. Wapo wanaodhani kuwa baridi hiyo hulinda damu umeme unapokatika. Haitoshi: jua likishapanda, chumba hupata joto zaidi ya nyuzi 6. Na mfuko unaoshushwa kutoka uwandani hadi bonde la Ziwa Rukwa hukutana na joto kali kabla ya kufika.

Kipimajoto cha mlangoni huonyesha hali ya sasa tu. Tuchukulie umeme umekatika saa tano usiku ukarudi alfajiri. Mtaalamu wa maabara akifika asubuhi husoma nyuzi 4 na kuridhika, ilhali damu ilipata joto kwa saa kadhaa. Kuandika vipimo katika fomu kila baada ya saa 4 husaidia, mradi pawe na mtu wa zamu usiku kucha.

Pengo hilo huzibwa na kifaa cha kupima joto kisichotumia waya. Kipimio chake kidogo hutumbukizwa katika chupa ya kimiminika ndani ya jokofu, ili kifuate joto la damu yenyewe badala ya hewa inayobadilika kila mlango unapofunguliwa. Vipimo husafiri kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kipokezi nje ya jokofu, ambacho huvitunza, na mipaka ikivukwa hupiga king'ora na kutuma ujumbe kwa simu ya mhusika.

Kamati ya kituo inayotaka kununua kifaa hicho iangalie kwanza betri. Kipokezi kinachotegemea soketi ileile ya jokofu hunyamaza saa ileile kinapohitajiwa. Kwa maoni yetu, ujumbe mfupi wa simu unafaa kuliko michoro mizuri ya kompyuta mahali ambapo intaneti husuasua. Kifaa kijaribiwe mlango ukiwa umefungwa, kwa kuwa bati la jokofu hudhoofisha mawimbi. Kidaiwe pia cheti cha ugezi, yaani uthibitisho kwamba kimelinganishwa na kipimajoto cha kuaminika. Zaidi ya yote, ajulikane kwa jina atakayeamka usiku ujumbe ukifika, na damu itahamishiwa wapi.

Nawe, ndugu wa mgonjwa, unaweza kuuliza kwa adabu: "Mtaalamu, kumbukumbu ya joto ya jokofu hili inasemaje kwa jana na leo?" Mfuko ukishatoka, usikubali uwekwe juani au katika maji ya moto ili "upoe ubaridi". Uliokaa nje zaidi ya dakika 30 haurudishwi jokofuni kwa ajili ya mgonjwa mwingine, na uliokwisha kuanza kutumika umalizike ndani ya saa 4. Damu salama nchini haiuzwi. Ukidaiwa fedha kwa ajili ya mfuko, toa taarifa kwa mganga mfawidhi.