Mwanzi Ndani ya Kompyuta

Mwanzi si mti, bali ni jamii ya nyasi. Asiyezingatia jambo hilo, akitaka kuuchora mwanzi katika picha ya kompyuta yenye vipimo vitatu, huishia kupata mti mwembamba uliopakwa rangi ya kijani. Shina la mti hunenepa mwaka hata mwaka. Chipukizi la mwanzi hutoka ardhini likiwa na unene wake wote, na mafundo na pingili zake kwa kawaida huwa vimekwisha kupangwa ndani yake. Kinachofuata ni kurefuka kwa pingili, mfano wa eriali ya redio ivutwavyo, na shina hutimiza urefu wake katika msimu mmoja.

Mwaka 1968 Aristid Lindenmayer, mwanabiolojia mzaliwa wa Hungaria, alitoa utaratibu wa kueleza ukuaji wa viumbe sahili, kama vile mwani, kwa herufi na kanuni za kuzibadilisha. Wachoraji wa kompyuta waliupokea baadaye. Mmojawapo ni Alvy Ray Smith wa Marekani, mwaka 1984.

Tuseme N ni ncha, P ni pingili, na F ni fundo. Kanuni ni moja: kila penye N, pawekwe PFN. Hatua ya kwanza hutoa PFN. Ya pili PFPFN. Ya tatu PFPFPFN. Baada ya hatua 30 pana pingili 30. Kisha kompyuta husoma herufi hizo moja moja: kwa P huchora mche duara, kwa F huchora pete na tawi, kisha hugeuza upande kwa nyuzi 180, kwa kuwa matawi ya mwanzi hupishana kushoto na kulia.

Wengi hukomea hapo, nao hukosea. Akitakiwa kuonyesha mwanzi ukikua, mchoraji hana budi kukamilisha herufi zote kwanza, ndipo azirefushe P. Asiongeze vipande nchani. Tena P zisilingane: ziwe fupi karibu na ardhi, ndefu katikati, na fupi tena kileleni.

Lipo pia suala la hesabu. Kompyuta huunda maumbo kwa pembetatu. Mche duara wa pande 8, usio na vifuniko, una pembetatu 16. Pingili 30 zina 480. Majani 600 ya pembetatu mbili mbili huongeza 1,200. Mwanzi mmoja basi ni pembetatu 1,680, na msitu wa mianzi 5,000 ni 8,400,000! Kwa hiyo huhifadhiwa umbo moja tu, na kila mwanzi huandikiwa namba 12 zinazoeleza mahali, mwelekeo na ukubwa wake. Jumla namba 60,000. Hata hivyo jicho hutambua upesi umbo linalorudiwa. Heri yawe maumbo matano au sita, mengine yakiinama.

Zoezi: K ni fundo lenye tawi kushoto, U ni fundo lenye tawi kulia. N hubadilika kuwa PKM, na M kuwa PUN. Anza na N, andika hatua nne, kisha chora mwanzi huo ukitumia pingili za sentimita 1, 3, 4 na 2.