SOMO LA AFYA: MENO YA NDUGU ZETU WENYE ULEMAVU

Ndugu msomaji, kijijini kwako wapo watu wenye ulemavu. Je, nani huwasaidia kupiga mswaki?

Chakula kikibaki mdomoni, vijidudu hugeuza sukari yake kuwa asidi. Asidi hiyo hutoboa jino. Asiyeweza kusema utamwona anakataa ugali, au anashika shavu. Watu husema ni mkaidi. Kumbe jino linamuuma!

Fanya hivi:

1. Kama vidole vyake ni dhaifu, zungushia mpini wa mswaki kipande cha mpira wa baiskeli, uwe mnene.

2. Kama hawezi kabisa, akae. Wewe simama nyuma yake, uegemeze kichwa chake kifuani pako. Usimlaze chali, asije akapaliwa.

3. Mpige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi.

4. Dawa ya kifafa iitwayo fenitoini huweza kuvimbisha fizi. Asiiache dawa, ila amwone mganga.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, hapa Tanzania, inawapa haki ya huduma za afya. Lakini mwenye kiti cha magurudumu atapandaje ngazi za zahanati? Tulizungumze jambo hili kwenye mkutano wa kijiji. Mawe na mchanga tunavyo. Tujenge mteremko. Tena tuombe wasikae kwenye foleni ndefu.

MASWALI

1. Kwa nini tusimlaze chali?

2. Zahanati yenu ina mteremko? Kama haina, mtaanza lini?