Kabla ya Penseli, Andika

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mchora vibonzo wa kujitegemea, naishi Kisauni. Gazeti lililokuwa likichukua vibonzo vyangu vinne kwa wiki sasa linachukua kimoja, na malipo huja baada ya miezi miwili mitatu. Mwaka jana mwimbaji mmoja wa hapa hapa Mombasa aliniomba nimchoree kava ya albamu. Tulielewana kwa simu shilingi 12,000. Akanitumia 4,000 kwa M-Pesa, nikachora, nikabadilisha mara saba, nikampa faili. Tangu hapo nikimpigia huniambia, "Tulia, hii itakupa jina." Jina lenyewe hakuliweka popote. Sasa mchoro wangu uko kwenye fulana anazouza katika shoo zake. Nikilalamika, meneja wake hunikumbusha kwamba Lemi alimchorea Fela bure. Mama anasema niache michezo, mjomba ana nafasi ya karani katika ofisi yake ya kutoa mizigo bandarini. Nina miaka 26. Niache kuchora?*
*Penseli Butu, Kisauni*

Marahaba, mwanangu. Kuchora usiache. Nimeutazama mchoro ulioniambatanishia, nikautazama tena ukiwa mdogo kama ukucha, maana huo ndio ukubwa ambao wasikilizaji wengi watauona kwenye simu zao. Yale majahazi matano ya nyuma yalipotea yote. Uso wa mwimbaji haukupotea, kwa sababu umeuchora kwa mistari michache minene, mkono wa mtu aliyezoea nafasi finyu ya kibonzo cha gazeti. Kava za zamani za santuri zilikuwa na upana wa sentimita 31, mchoraji aliweza kujaza mtaa mzima humo. Leo majukwaa ya muziki yanataka faili ya pikseli 3,000 kwa 3,000, halafu yanaionyesha kama stempu. Mchora vibonzo ana faida hapo kuliko wengi, nawe unayo. Safari ijayo punguza majahazi.

Sasa habari chungu. Umeniandikia kwa uchungu kuhusu fulana, na najua ulitarajia nikwambie umeibiwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama nyinyi wawili mlikubaliana vinginevyo. Isome tena sentensi hiyo. Ukinyamaza, sheria haikutetei. Inampa mwenye kuagiza. Wachoraji wengi wa nchi hii wanaamini kinyume chake, kwamba aliyeshika penseli ndiye mwenye mali hadi atie saini ya kuiuza, na kwa imani hiyo wanaingia kazini mikono mitupu. Inaniuma kila ninapopokea barua kama yako, maana sentensi moja tu, iliyoandikwa mapema, ingeibakisha kava hiyo mikononi mwako.

Lakini hukupoteza vyote. Kifungu kinachofuata, cha 32, kinakuachia haki ya kutajwa kuwa ndiwe uliyeichora kazi hiyo, na haki hiyo inabaki kwako hata hakimiliki ikishahama. Kwa hiyo jina lako lazima liwekwe, na kulidai si kuomba hisani. Pili, shilingi 8,000 ni deni. Ujumbe wa M-Pesa wa zile 4,000 unaonyesha palikuwa na mapatano, na mazungumzo ya WhatsApp ya yale mabadiliko saba yanaonyesha kazi ilifanywa na kupokelewa. Usiyafute, na usibadilishe simu kabla hujayahifadhi mahali pengine. Mwandikie mwimbaji barua fupi yenye kiasi, tarehe na muda wa kulipa, tuseme siku 14. Akipuuza, iko Mahakama ya Madai Madogo, na Mombasa pia ipo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Usiende kwa hasira wala usimtangaze mitandaoni kwanza. Wanamuziki wa mji wenu wanaulizana habari za wachoraji.

Nije kwa huyo meneja. Lemi Ghariokwu wa Lagos alianza na kava ya albamu ya Alagbon Close mwaka 1974, kijana wa miaka 18 ambaye hakusomea uchoraji chuoni, akaendelea hadi kufikisha kava 26 za mwanamuziki Fela Kuti. Ni kweli malipo ya kava ile ya kwanza aliyakataa. Lakini aliyakataa yakiwa mezani! Fela alitoa hela kwanza, kijana akaona heshima ya kazi ile inamtosha, na Fela akampa ruhusa ya kuingia bure katika maonyesho yake. Aliyetoa zawadi pale ni Lemi. Na jina lake likatajwa, ndiyo maana leo meneja wa Mombasa analijua. Mtu aliyekubali bei kisha akakwepa kuilipa hawezi kujisitiri kwa hadithi hiyo. Siku utakapotaka kumchorea rafiki bure, mchoree kwa moyo wote, na umwandikie kwamba ni bure. Hiyo nayo ni mapatano.

Fundi cherehani wa Kongowea hakati kitambaa chako bila arubuni, na hakuna anayemwona mchoyo. Nawe fanya vivyo hivyo. Kazi mpya ikija, msikilize mteja kwa simu upendavyo, kisha ukate simu umtumie ujumbe, kwa mfano hivi:

"Salaam kaka. Nathibitisha tulivyoelewana: kava moja ya albamu, shilingi 12,000. Nusu kabla sijaanza, nusu kabla sijatoa faili kamili. Marekebisho mawili yamo ndani ya bei, zaidi ya hapo kila moja ni 1,000. Kava itatumika kwenye majukwaa ya muziki na matangazo ya albamu hii. Fulana, vikombe na bidhaa nyingine tutaelewana upya. Hakimiliki na mchoro wa asili vinabaki kwangu, na jina langu litatajwa. Ukikubali, nijibu NAKUBALI."

Usianze hata rasimu kabla jibu halijaja. Na ukishachora, mwonyeshe nakala ndogo yenye jina lako katikati, asiyoweza kuichapisha. Mteja mwema hatakasirika, na atakayekasirika kwa maneno haya amekuokolea mwezi mzima wa kumfukuzia hela. Hapa sina huruma naye.

Kuhusu mchoro wa asili, usiudharau kwa sababu kava imeshatoka. Mchora vibonzo Robert Crumb wa Marekani alichora kava ya albamu ya Cheap Thrills mwaka 1968, na mchoro ule wa asili ukaja kuuzwa mnadani miaka mingi baadaye, faida ikaenda kwa wengine. Wewe unachora kwa wino kwenye karatasi kabla ya kuingiza kwenye kompyuta. Karatasi hiyo iandike tarehe, itie saini, uihifadhi isipate unyevu. Unyevu wa pwani unaijua karatasi.

Na gazeti? Hilo halitarudi kama zamani, na sitakudanganya. Marehemu Edward Gitau alimchora mhusika wake wa vibonzo, Juha Kalulu, kwa miongo, msomaji wa Taifa Leo akimfungulia asubuhi kama ndugu. Ndoa ya namna ile kati ya mchoraji na gazeti imekuwa adimu. Hata Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam anayejulikana dunia nzima kwa vibonzo vyake, mwaka 2016 mkataba wake haukufanywa upya baada ya zaidi ya miaka 20 katika kampuni moja ya magazeti. Lakini kufikia hapo alikuwa na vitabu vyake, na vile vikaragosi vya The XYZ Show vilivyoanza runingani mwaka 2009. Ndiyo maana sikushauri utafute gazeti la pili la kukuchelewesha kama la kwanza. Tafuta kazi za aina tofauti: kitabu cha watoto, kalenda ya shule, bango la shirika la afya, kava moja kwa mwezi kwa bei iliyoandikwa. Kile kibonzo kimoja cha wiki kiendeleze, kwani ndicho kinachokufanya uusome mji.

Mama yako hana chuki na penseli. Anaona kijana wa miaka 26 anayelipwa theluthi na kuahidiwa jina. Nafasi ya mjomba ichukue, mwanangu, na usiione kuwa kifo cha sanaa yako. Anayekula kwa mshahara anaweza kumwambia mteja "hapana" bila kutetemeka, na kwa sasa hicho ndicho unachokikosa kuliko kipaji. Tena bandarini utafundishwa kuandika ankara na kutunza risiti, elimu ambayo hakuna aliyekupa.

Ila mweleze mjomba mapema, mbele ya mama yako, kwamba Jumamosi ni za kuchora na hutaitwa ofisini siku hiyo. Akikubali, mpe mkono uanze kazi. Na barua ya zile 8,000 ipeleke wiki hii.