SARAFU ZA KALE ZISISUGULIWE

Watu wa Kojani ni wavuvi, na waendapo dago hukaa katika fukwe nyingi, na nyingine zilikuwa na miji zamani. Mara kwa mara kipande kidogo cha shaba, chenye kutu ya kijani, huonekana mchangani. Twataka kueleza habari za vipande kama hivi.

Kupiga sarafu za shaba ni desturi ya kale. Kaisari Augustus wa Roma, yapata mwaka 23 kabla ya Kristo, alipanga fedha za dola yake. Sarafu kubwa za shaba ya manjano, nne zilikuwa sawa na dinari moja ya fedha. Na ndogo za shaba nyekundu, 16. Jina hilo la dinari Waarabu walilitwaa baadaye kwa sarafu yao ya dhahabu.

Masultani wa Kilwa nao walipiga sarafu za shaba. Upande mmoja pana jina la Sultani, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina vina. Lakini mwaka haukuandikwa. Basi umri wake utajulikanaje?

Jibu lilitoka hapa Pemba, katika Mtambwe Mkuu, upande wa magharibi karibu na Wete. Mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, baadhi yake zina jina la Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari chache za Wafatimi, waliotawala Misri. Dinari zile zina mwaka wake, nazo ni za karne ya 11. Wataalamu waliodhani kuwa Ali alitawala yapata mwaka 1200 wakatambua kuwa ni wa zamani zaidi. Kama mtu angaliziuza dinari peke yake, neno hili lisingalijulikana.

Kwa hiyo, aokotaye sarafu asiisugue kwa mchanga wala kwa ndimu, maana herufi hufutika. Akumbuke mahali alipoiokota na vitu vilivyokuwa pamoja nayo, kisha amwarifu sheha, naye awaarifu wenye kazi ya Mambo ya Kale. Walimu nao wawaeleze watoto, kwani macho yao ni makali kuliko yetu, na wao ndio waokotao kwanza.