Anayeyumba si lazima awe mlevi



Hapa Ngagara, mtu akipita njiani huku anayumba, wengi husema mara moja: "Huyo amekunywa." Kiwandani msimamizi naye akisema hivyo, mfanyakazi anaweza kupoteza kazi. Somo letu la leo litatuonyesha kwa nini tusiharakishe kuhukumu.

Weka mkono kwenye kisogo chako, juu kidogo ya shingo. Ndani ya mfupa huo, chini ya ubongo mkubwa, umo ubongo mdogo. Madaktari huuita serebelamu. Uzito wake ni kama sehemu moja katika kumi ya ubongo wote, lakini zaidi ya nusu ya chembe za neva za ubongo zimo humo. Una pande mbili na sehemu nyembamba katikati. Upande wa kulia huongoza mkono na mguu wa kulia, wa kushoto vivyo hivyo. Sehemu ya katikati husaidia kiwiliwili kisimame wima.

Kazi yake ni nini? Amri ya kuinua mkono hutoka kwenye ubongo mkubwa. Ubongo mdogo hupata habari ya amri hiyo, na pia habari kutoka kwenye misuli, viungo, macho na sikio la ndani. Hulinganisha, kisha husahihisha: punguza nguvu, geuza kidogo, simama hapo. Ndiyo maana mchuma chai mzoefu huchuma upesi bila kufikiria kila kidole. Ubongo mdogo umekwisha kujifunza.

Ukiumia, mtu hapoozi. Nguvu anazo, mpangilio hana. Hutembea ametanua miguu, mkono humtetemeka akitaka kushika kitu, na maneno hutoka vipande vipande. Pombe huuvuruga, na ulevi wa miaka mingi huweza kuuharibu. Lakini ziko sumu nyingine.

Mwaka 1940, madaktari wa Uingereza walieleza habari za wafanyakazi wanne wa kiwanda cha dawa ya mbegu yenye zebaki. Sumu iliwaingia wakiwa kazini. Mmoja alipofariki baadaye, ubongo wake ulichunguzwa, na mwaka 1954 ikatangazwa kwamba ubongo mdogo ulikuwa umesinyaa.

Irak nako, mwaka 1971 na 1972, wakulima walipewa mbegu za ngano zilizotiwa dawa ya zebaki. Onyo kwenye magunia lilikuwa kwa Kihispania na Kiingereza, lugha ambazo hawakuzijua. Wako walioosha rangi ya dawa wakadhani sumu imetoka, wakaoka mikate. Watu zaidi ya 6,500 walilazwa hospitali, na 459 walifia humo.

Basi tushike haya:

1. Mbegu yenye dawa si chakula, hata ikioshwa.

2. Tudai onyo la sumu liandikwe kwa lugha tunazosoma, Kirundi na Kiswahili.

3. Tudai vifaa vya kujikinga, na maji na sabuni za kunawa kabla ya kula.

4. Mwenzetu akianza kuyumba, daktari ampime kwanza, ndipo yazungumzwe mambo ya adhabu. Ikimshika ghafla, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, maana huenda mshipa wa damu kichwani umeziba au umepasuka.

Mwakilishi wa chama asikubali barua ya kufukuza kwa ulevi ikiwa mgonjwa hajapimwa.